UZI: Msitu wa mikoko hupangwa na maji. Tuuchambue mfumo wenyewe kabla ya kupanda mche mwingine

#1 Bamvua_Kuu

Wakuu, habari za humu ndani.

Kila msimu wa mvua pwani kunakuwa na kampeni za kupanda mikoko. Maelfu ya miche inachomekwa kwa asubuhi moja, picha zinapigwa, na mwaka ukipita ukanda uleule ni tope tupu. Mara nyingi mbegu zilikuwa nzima na watu walijituma. Kilichokosewa ni mahali. Wapandaji wanaanza na mti, wakati mfumo ikolojia wa mikoko unaanza na maji: yanafika mara ngapi, yanakaa muda gani, yana chumvi kiasi gani. Naomba tuuchambue taratibu, wenye ujuzi waongeze.

Majina ya miti yanabadilika kutoka Lamu hadi Mtwara, kwa hiyo naweka na ya kisayansi.

Simama mdomoni mwa hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) maji yakiwa yamekupwa, utazame upande wa nchi kavu. Miti imejipanga kwa mikanda. Mbele kabisa kuna mlilana (Sonneratia alba, wengine husema mpira). Nyuma yake mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata), wenye mizizi inayoshuka kutoka kwenye shina na matawi. Kisha msinzi (Bruguiera gymnorrhiza, Kenya wengi husema muia), kisha mkandaa (Ceriops tagal). Nyuma kabisa, kwenye chumvi kali, upo mchu (Avicennia marina), na huohuo mchu unaweza kutokea tena mbele baharini, maana unastahimili hali nyingi. Kikandaa (Lumnitzera racemosa) hukaa mpakani na nchi kavu. Mkomafi (Xylocarpus granatum) na msikundazi (Heritiera littoralis) utavikuta kando ya vijito ambako maji baridi ya mto yanafika.

Hii mikanda haikutokea kwa bahati. Bahari yetu hujaa mara mbili kwa siku, yaani karibu mara 60 kwa mwezi. Wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika mita 3 hadi 4, wakati wa maji mafu (maji madogo ya katikati ya bamvua mbili) hushuka hadi mita moja hivi. Kwa hiyo hatua chache tu za mteremko zinabadilisha kabisa idadi ya mara ambazo ardhi inafunikwa. Mwaka 1928 mtaalamu wa misitu aitwaye Watson, akiwa Malaya (sasa sehemu ya Malaysia), aliyapanga maeneo kwa idadi hiyo. Panapofunikwa mara 56 hadi 62 kwa mwezi, yaani kila maji yanapojaa, karibu hakuna mti unaosimama. Panapofunikwa mara 45 hadi 59 ni pa miti ya mbele. Mara 20 hadi 45 ndipo tumbo la msitu: mkoko, msinzi, mkandaa. Mara 2 hadi 20 ni pa miti ya nyuma. Chini ya mara 2 unaingia mpakani mwa nchi kavu. Malaya si Rufiji na aina za miti zinatofautiana kiasi, lakini kanuni inashika hata kwetu.

Sababu ni hewa. Chini ya milimita chache tu, tope la mikoko halina oksijeni. Mizizi inapumua kwa vitundu vidogo vilivyo kwenye gome: mkoko unavyo kwenye mizizi ya juu, mchu na mlilana kwenye vile vichomozi vinavyotoka ardhini, msinzi kwenye mizizi iliyokunjwa mfano wa magoti. Maji yakifunika, upumuaji unasimama. Mti mkubwa unavumilia hadi maji yapwe. Mche wa sentimita 40 uliofunikwa kutwa nzima haupati nafasi ya kuvuta hewa, wala majani yake hayapati jua la kutosha.

---

#2 Mwalimu_Baiolojia

Ahsante sana mkuu kwa uzi huu. Naomba msaada kwenye jambo moja linalowasumbua wanafunzi. Vitabuni tunafundisha ngazi: kiumbe mmoja, kundi la viumbe wa aina moja, jamii ya viumbe wa aina mbalimbali, kisha mfumo ikolojia unaojumlisha na vitu visivyo hai. Swali lao huwa: mfumo wa mikoko unaishia wapi? Na mnyororo wa chakula nianzie wapi, maana hawaoni mnyama anayekula majani ya mkoko kama swala anavyokula nyasi?

---

#3 Kaa_Koko

Mwalimu, swali la pili limegusa kiini, nianze nalo.

Majani mabichi ya mikoko huliwa kidogo sana. Yana tanini nyingi na chumvi. Sehemu kubwa ya chakula cha mfumo huu huanzia kwenye majani yaliyodondoka. Msitu ulioshiba unaweza kuangusha karibu tani 10 za majani na vijiti vikavu kwa hekta kwa mwaka. Yangebaki juu ya tope, bamvua lingeyazoa yote. Hapo ndipo kaa wanapoingia.

Kwenye ukanda wa mchu na mkandaa wapo kaa wenye magando mekundu, Neosarmatium. Anatoka shimoni maji yakipwa, anakamata jani la njano, analivuta hadi ndani. Mengine anakula palepale, mengine yanabaki humo. Kinyesi chake ni jani lililosagwa laini, na bakteria na kuvu wanalishambulia upesi kuliko jani zima. Kwa kuliozesha wanaongeza naitrojeni, kwa hiyo chembe hizo zinakuwa na lishe kuliko jani lenyewe. Chembe hizo ndizo chakula cha minyoo, konokono, viluwiluwi vya kamba na samaki wachanga kama mkizi na mwatiko. Juu yao anakuja kaa koko (Scylla serrata), chewa wachanga, korongo, na mwisho mvuvi.

Wanafunzi wakumbuke kuwa katika kila hatua nishati inayopita ni sehemu ndogo, kwa makadirio ya kawaida ni asilimia 10. Ndiyo maana msitu mkubwa unatoa kaa koko wachache tu kwa eneo, na ndiyo maana vikundi vinavyonenepesha kaa kwenye vizimba huishia kununua dagaa au mabaki ya samaki kuwalisha. Hekta ya mikoko haiwezi kulisha vizimba 200.

Mashimo ya kaa yana kazi nyingine ambayo huwa haitajwi. Maji ya bamvua yanapoingia shimoni yanapeleka oksijeni chini na kuosha chumvi na ile harufu ya yai viza, yaani hidrojeni salfidi, ambayo ni sumu kwa mizizi. Ukiondoa kaa, tope huzidi sumu na ukuaji wa miti hushuka. Kwa hiyo huyu ni mlaji, ni mwozeshaji msaidizi, na ni mtengenezaji wa makazi kwa wakati mmoja.

Kuhusu mpaka: chora mstari pale ambapo mzunguko wa vitu unapungua sana, lakini waambie kuwa mstari huo unavuja. Kamba weupe (Fenneropenaeus indicus) hutaga baharini, viluwiluwi huletwa na maji hadi kingo za mikoko, hukaa humo miezi michache, kisha hurudi kilindini kukomaa. Matope ya mto hunaswa na mizizi ya mikoko, na hivyo maji yanayofika kwenye nyasi bahari na matumbawe yanakuwa maangavu. Matumbawe nayo huvunja mawimbi, na bila hivyo mche wa mlilana usingeshika. Mifumo mitatu, kila mmoja unamhitaji jirani.

---

#4 Kikundi_Mwambao

Shikamooni wataalamu. Sisi ni kikundi, tumepata fedha za kupanda miche 5,000 ya mkoko. Eneo tulilopewa ni tope tupu mbele ya msitu uliopo, upande wa bahari. Lina nyasi bahari kidogo kidogo. Tunaomba ushauri wa nafasi kati ya mche na mche, na mwezi wa kupanda.

---

#5 Bamvua_Kuu

Marahaba. Nawaomba msimame kwanza kabla ya kuzungumzia nafasi.

Msitu uliopo umeshindwa wenyewe kushuka hadi hapo. Kila mwaka umeangusha mbegu maelfu zikaelea juu ya hilo tope, na hakuna iliyoshika. Hiyo ni taarifa tosha kuwa pako chini mno. Na pana nyasi bahari, maana yake tayari ni mfumo mwingine: malisho ya samaki tasi, makazi ya kamba na kaa wachanga, na kwa maeneo ya Mafia na Rufiji ni malisho ya nguva. Kuchomeka mikoko hapo ni kuharibu kilicho hai ili kupanda kitakachokufa.

Ufilipino walilipa gharama ya kosa hilo kwa miaka mingi. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kuwa pamoja na fedha nyingi zilizotumika, miche iliyosalia kwa muda mrefu ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu, na sababu kubwa ilikuwa kupanda Rhizophora kwenye matope ya chini na kwenye nyasi bahari. Kule mbele ni pa mlilana na mchu, lakini watu walichagua Rhizophora kwa sababu mbegu yake ni ndefu na rahisi kuchomeka.

Kama wafadhili wanasisitiza eneo hilo, wapelekeeni vipimo. Hamhitaji chombo cha mpima ardhi.

Njia ya kwanza: subirini siku isiyo na upepo, maji ya bamvua yakiwa yamejaa na kutulia. Mtu mmoja asimame na fito yenye alama za sentimita kwenye shina la mkoko mdogo wa mwisho kabisa upande wa bahari, ulioota wenyewe na wenye afya. Mwingine asimame kwenye eneo lenu. Wote wasome kina kwa dakika ileile. Uso wa maji uko sawa pande zote, hivyo tofauti ya kina ndiyo tofauti ya kimo cha ardhi. Kama kwa mkoko ni sentimita 90 na kwenu ni 140, mko chini kwa nusu mita. Hapo hakuna cha kupanda.

Njia ya pili, kwa maji yaliyopwa: mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule mwangavu wa mita 20 au 30. Ujazeni maji bila kuacha mapovu ndani, maana povu moja linadanganya kipimo kizima. Ncha moja ifungwe kwenye fito karibu na mti wa mfano, nyingine kwenye fito ya pili eneo mnalopima. Maji yakitulia, pimeni kutoka kwenye uso wa maji hadi ardhini pande zote mbili na mtoe. Kama umbali ni mkubwa, hamisheni kwa hatua huku mkiandika kila tofauti.

Rudieni pointi 10 au zaidi. Tope linaonekana tambarare kwa macho lakini lina mabonde.

---

#6 Kikundi_Mwambao

Tumeelewa, tunashukuru sana. Na kama kuna eneo ndani ya msitu lililokatwa zamani, miti haijarudi, bado tupime?

---

#7 Bamvua_Kuu

Pimeni, lakini hapo swali linabadilika: kwa nini halijarudi lenyewe? Msitu ulio jirani una mbegu. Kama maji yanapita vizuri, maotea (miche inayoota yenyewe) yangekuwa yameshajaa ndani ya miaka michache. Angalieni haya:

Je, mbegu zinafika? Wakati wa bamvua angalieni kama mbegu zinaelea kuingia humo. Kama kuna tuta, barabara au rundo la matawi yaliyokatwa limeziba, ondoeni kizuizi na msubiri mwaka mmoja kabla ya kununua kiriba (mfuko wa kukuzia mche) hata kimoja. Matawi yaliyoachwa ni tatizo kubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani, bamvua likija linayasukuma huku na huko na kung'oa maotea yote.

Je, maji yanatoka? Madimbwi yanayobaki kutwa maji yakipwa huchemka juani na chumvi hupanda. Kijito kidogo cha upana wa jembe kikichimbwa kufuata njia ya zamani ya maji kinaweza kutibu eneo lote.

Je, chumvi ikoje? Chimbeni shimo la sentimita 30, subirini maji yajikusanye, pimeni kwa kipima chumvi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa lita. Mkoko huhangaika ikizidi sana hapo. Mchu unastahimili hata mara mbili ya bahari, ukiwa mdumavu. Kwenye ardhi nyeupe ya chumvi juu kabisa, ambako hata mchu haupo, msipande kitu.

Na mifugo: mbuzi na ng'ombe wanapenda sana majani ya mchu. Bila uzio au makubaliano na wafugaji, mche wa mchu hauvuki miezi 3.

---

#8 Mama_Kitalu

Niongeze upande wa mbegu na kitalu, maana hata penye mahali sahihi watu hupoteza miche kwa uzembe mdogo.

Mkoko, msinzi na mkandaa, mbegu zake huota zikiwa bado juu ya mti. Kwa mkoko, iliyokomaa ina pete ya manjano pale mche unapokutana na tunda, na ukiizungusha kidogo inaachia yenyewe. Ukilazimika kuvuta kwa nguvu, haijakomaa, utaua chipukizi. Usiangalie kalenda, angalia pete. Chagua zilizonyooka, kijani hadi hudhurungi, na uzigeuze zote mkononi: vitundu vidogo vya pini ni mbawakawa, tupa. Ziweke kivulini chini ya makuti mabichi, zilowane, zisikae juani. Wiki moja ya kivuli haiziharibu, tena ngozi ikisinyaa kidogo kaa hawazipendi sana.

Kuchomeka: ncha nene iliyochongoka chini, chipukizi juu. Inashangaza ni wangapi hugeuza. Theluthi ya urefu izame kwenye tope; ikizidi hapo shina linaoza, ikipungua wimbi linailaza. Kwenye ardhi ngumu tumia kijiti kutoboa kwanza, kisha bana tope kwa kisigino pande zote kusibaki uwazi wa maji. Kwa nafasi ya mita 1 kwa 1 hekta moja inachukua 10,000, kwa hiyo miche yenu 5,000 ni nusu hekta. Panapokuja mkondo mkali bananisha kwa vishada badala ya mistari, miche inakingana.

Panda mwanzoni mwa maji mafu. Mche unapata siku kadhaa za kushika kabla bamvua halijarudi.

Kwa mkoko huhitaji kitalu kama mbegu ni nyingi na kaa si wasumbufu. Kitalu kinahitajika kwa mchu na mlilana. Mbegu ya mchu loweka usiku mmoja, ganda litavuka. Ilaze juu ya tope la kiriba, kijizizi chini, usiifukie. Haihifadhiki, panda ndani ya siku chache. Tunda la mlilana likilainika loweka hadi nyama ioze, osha, utapata mbegu ndogo zaidi ya 100. Zimwage kwenye sinia la tope laini, zikifika majani 4 hadi 6 hamishia kwenye viriba. Huo mche ni dhaifu kuliko yote, ushike kwa jani, si kwa shina.

Kiriba cha sentimita 10 kwa 15 au 20, kitobolewe chini. Jaza tope la palepale, usichanganye samadi. Kitalu kiwe mahali ambapo maji yanafika chini ya viriba karibu kila yanapojaa, ili bahari imwagilie yenyewe. Siku za maji mafu unamwagilia wewe kwa maji ya hori. Kivuli cha makuti nusu jua, kiondolewe taratibu mwezi wa mwisho. Mche ulioishi kivulini hadi siku ya kupandwa huungua majani yote ndani ya wiki.

Na ukiona miche iliyopandwa imefunikwa na wale viumbe wa magamba wanaoganda kwenye nguzo na mashua, acha kuwakwangua. Ni dalili kuwa mche unakaa majini muda mrefu mno. Tatizo ni kimo.

---

#9 Chumvi_Mawe

Wakuu, kwetu kuna mabwawa ya chumvi yaliyotelekezwa. Yalikuwa msitu wa mchu na mkandaa. Je, inatosha kubomoa matuta bahari irudi?

---

#10 Bamvua_Kuu

Inatosha mara nyingi, lakini ubomoaji una namna yake.

Tope la mikoko lina madini ya chuma na salfa yaliyotulia kwa sababu hayaguswi na hewa. Bwawa likikauka miaka mingi, hewa inaingia, yanageuka asidi ya salfuriki. Dalili: mistari ya manjano au kutu kwenye nyufa, kipimo cha asidi (pH) chini ya 4. Ukifungua tuta kwa ghafla, mvua ya kwanza inamwaga asidi yote kwenye hori na samaki wanakufa. Fungua kidogo kidogo wakati wa bamvua, bahari yenyewe ni alkali kidogo na inazimua.

Usisawazishe matuta yote. Tafuta njia ya kijito cha zamani. Kwenye picha za setilaiti bado inaonekana ikijipinda ndani ya bwawa. Kata tuta hapohapo tu, upana wa mita 3 hadi 5, hadi usawa wa sakafu ya kijito. Mikato miwili au mitatu mahali sahihi huleta mkondo wenye nguvu ya kujichimbia njia. Ukikata sehemu 20, maji yanaingia kila mahali polepole, hayachimbi, na madimbwi yanabaki. Tuta lililobaki huota mchu wa kwanza, nao unatupa mbegu ndani.

Mpango wa kazi wowote upitie kwanza kwa wahusika: misitu ya mikoko Tanzania Bara ni hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), Kenya iko chini ya KFS (Shirika la Misitu Kenya), hata ukifanya jambo jema unahitaji kibali.

---

#11 Nahodha_Boriti

Mimi nauliza upande wa matumizi. Watu wanajenga kwa miti hii tangu jahazi za kwenda Arabuni. Ikatwe vipi ili msitu ubaki?

---

#12 Kaa_Koko

Swali zuri kaka. Jibu linategemea aina, na hapa ndipo wengi huharibu bila kujua.

Mchu na mlilana ukikatwa juu ya kisiki huchipua. Mkoko hauchipui. Kwenye shina la zamani hauna macho yaliyolala, kwa hiyo ukikata chini ya sehemu yenye majani umeua mti. Ndiyo maana msitu wa mkoko uliovunwa ovyo hugeuka msitu wa mchu: aina yenye kuchipua inabaki, isiyochipua inaondoka.

Soko linahitaji ukubwa fulani. Kwa vipimo vya Lamu, fito ni kipenyo cha sentimita 2.5 hadi 3.5, pau 4 hadi 7.5, mazio 8 hadi 11, boriti 11.5 hadi 13.5, na huuzwa kwa korija (fungu la miti 20). Wanunuzi wakipenda mazio na boriti, wakataji huondoa miti iliyonyooka ya umri wa kati, na inayobaki ni miembamba na mikubwa iliyopinda. Baada ya miaka 20 mbegu zote zinatoka kwenye miti iliyopinda. Acheni kwa makusudi miti mama iliyonyooka, isiyopungua 10 kwa hekta iliyosambaa vizuri, na msikate ukingo wa hori kabisa, kwa kuwa ndio unaoshika udongo na ndio makazi ya kamba wachanga. Kwa mahitaji ya ujenzi mvinje uliopandwa shambani hutoa nguzo ndani ya miaka 4 au 5.

Kuna pia mlilana unaokauka kuanzia ncha za matawi. Msikimbilie kulaumu maji. Mabuu ya nondo Salagena discata na mbawakawa Bottegia rubra wanatoboa matawi. Utafiti wa Gazi, Kwale nchini Kenya, uliwathibitisha. Pasua tawi lililokufa utakuta handaki. Mti mara nyingi hupona ukichipua chini, kwa hiyo usiukate kwa kudhani umekufa.

---

#13 Mwalimu_Baiolojia

Shukrani nyingi. Nimesikia pia kuwa mikoko inanyonya hewa ukaa kuliko msitu wa nchi kavu. Ni kweli au ni maneno ya miradi?

---

#14 Bamvua_Kuu

Ni kweli, ila kaboni nyingi haiko kwenye miti. Utafiti wa mwaka 2011 uliopima misitu 25 ya Bahari ya Hindi na Pasifiki ulipata wastani wa tani 1,023 za kaboni kwa hekta, sehemu kubwa ikiwa kwenye udongo. Tope lisilo na oksijeni huozesha polepole sana, mizizi na majani ya karne zilizopita bado yamo. Waeleze wanafunzi kuwa ni kilekile kinacholeta harufu ya yai viza. Kwa hiyo kulinda msitu uliosimama na udongo wake kunazidi kupanda mpya kwa mbali. Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi unauza hati za kaboni (vyeti vya hewa ukaa iliyozuiwa) tangu 2013 hivi kwa msitu wa hekta 117, na sehemu kubwa ya hesabu yao ni kuuzuia usikatwe.

---

#15 Mdelta

Naongeza la Rufiji, maana ndio msitu mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000 kwa makadirio ya zamani.

Delta hujengwa na mashapo. Mto unaleta udongo, mikoko inaunasa, ardhi inapanda, na bahari inamomonyoa upande mwingine. Kipimo hicho kikivurugika mikanda yote inahama. Mashapo yakizidi ghafla, vichomozi vya mchu na mlilana hufukiwa na mti hukosa hewa. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 mikoko mingi ilikufa hivyo Mwache, karibu na Mombasa. Yakipungua, ukingo wa bahari unaliwa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto huu (megawati 2,115) lilianza kufua umeme 2024, na kila bwawa kubwa hunasa mchanga na kusawazisha mafuriko. Walio karibu na delta waweke alama sasa: vigingi vya chuma ukingoni mwa bahari, urefu wa tope juu ya kigingi uandikwe kila miezi 3, na chumvi ya vijito vya ndani ipimwe kiangazi. Msikundazi ndio wa kwanza kulalamika chumvi ikipanda mto.

---

#16 Kikundi_Mwambao

Tumekaa kikao, tumeomba kubadilishiwa eneo. La mwisho: tukipanda, tutajuaje baada ya mwaka kwamba tumefaulu? Wafadhili wanataka asilimia tu.

---

#17 Mama_Kitalu

Wapeni asilimia, lakini na mengine. Wekeni viwanja vitano au zaidi vya mita 10 kwa 10, pembe ziwe na vigingi, na vingine viwili mahali ambapo hamkupanda ili mlinganishe. Hesabuni mwezi wa 1, wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka hadi wa 5. Vifo vingi vya mwezi wa kwanza ni kaa au upandaji mbaya. Vya mwezi wa 3 hadi wa 6 ni kimo au chumvi. Vya baada ya mwaka mara nyingi ni mifugo, mchanga au mawimbi. Mche ukifa, andikeni sababu mnayoiona kabla ya kuung'oa.

Kila hesabu mhesabu pia mashimo ya kaa kwenye mraba wa mita 1, na maotea ambayo hamkuyapanda ninyi, kwa aina. Kiwanja chenye mkoko mlioupanda na mchu au mkandaa ulioingia wenyewe ni kizuri kuliko chenye asilimia 90 ya mkoko peke yake na tope lisilo na shimo hata moja. Msizibe mapengo kwa kupanda upya kabla ya mwezi wa 12. Mapengo mengine yatajazwa na mbegu za jirani bila gharama, na yale yasiyojazwa mrudie kuyapima kwa mpira wa maji.